Uliza Karani: Kuingia seli ni bure, na kutoka pia ni bure

Barua za mwezi huu zimekuwa nyingi mpaka zingine nimesomea kwa matatu nikitoka Kisumu kwenda Nakuru, na karibu zote ni mambo ya haki: polisi, landilodi, shamba, kazi. Kwa mgeni wa ukurasa huu, mimi si wakili. Nilikuwa karani wa masijala ya mahakama miaka mingi, yule mtu unampata kwa dirisha dogo lenye vyuma akikwambia "leta kopi tatu". Watu walikuja pale wakilia, ukweli wote uko upande wao, unamuuliza mtu karatasi iko wapi anasema "tuliongea tu". Ndio maana mkiniandikia nitawasumbua na maneno ya risiti na tarehe, mnivumilie.

SWALI: Habari yako mzee. Mimi ni mtu wa boda hapa Kondele. Ijumaa moja jioni, kitu saa kumi na mbili, tulishikwa na polisi tukiwa wanne, mimi niliambiwa kosa ni kubeba abiria wawili na kukosa helmeti. Tulilala ndani Ijumaa, Jumamosi, mpaka Jumapili jioni bibi yangu akaleta elfu tatu nikaachiliwa. Simu yangu ilichukuliwa nikaambiwa niweke namba ya siri waone mesej, nikaweka juu niliogopa. Kotini sikupelekwa, karatasi sikupewa. Si wanasema ni masaa 24? Na hiyo elfu tatu ilikuwa ya nini?

JIBU: Kijana wangu, umeleta mambo matatu na yote ni ya maana, wacha nianze na lile linachanganya watu sana, la masaa 24. Kifungu cha 49 cha Katiba ya 2010 kinasema ukishikwa ufikishwe mahakamani haraka iwezekanavyo na isizidi masaa 24, lakini kuna mkia hapo ambao watu hawasomagi. Kama masaa 24 yanaisha wakati koti imefungwa, basi muda unasongezwa mpaka mwisho wa siku inayofuata ya mahakama. Wewe ulishikwa Ijumaa saa kumi na mbili jioni, masaa yako yakaisha Jumamosi saa kumi na mbili jioni, hakuna hakimu ameketi hiyo saa, kwa hivyo walikuwa na mpaka Jumatatu. Sasa unaelewa kwa nini kamatakamata inapendwa sana Ijumaa jioni. Kwa hesabu ya siku peke yake hawakuvunja sheria, na wakili mzuri wa serikali atakwambia hivyo hivyo.

Lakini usifungie hapo, maana sheria ya mwenendo wa jinai inamwambia mkubwa wa stesheni kwamba mtu aliyeshikwa bila waranti, na haiwezekani kumfikisha kotini ndani ya masaa 24, amchunguze na kama kosa si zito amwachilie kwa bondi ya polisi. Kesi kama mauaji na wizi wa mabavu ziko kando. Kukosa helmeti si wizi wa mabavu! Hiyo bondi hailipiwi. Unaandika jina, unatia sahihi kwamba utafika koti siku fulani, unaenda nyumbani kwa watoto. Kuna pia dhamana ya pesa pale stesheni, hiyo inaitishwa kihalali wakati mwingine, lakini inatoka na risiti ya serikali na inarudishwa kesi ikiisha kama ulikuwa unafika koti.

So hiyo elfu tatu ni ya nini? Jiulize hivi: dhamana ni ahadi ya kufika kotini. Wewe uliambiwa ufike koti gani, siku gani? Hukuambiwa. Basi haikuwa dhamana, tuiite tu jina lake, ilikuwa hongo, na hapo nakuonea huruma kwa sababu mtoaji naye anaguswa na sheria, hata kama bibi yako alitoa akilia. Hilo lisikufunge mdomo. IPOA, mamlaka inayochunguza polisi tangu sheria ya 2011, wako na ofisi Kisumu na Nakuru na kupeleka malalamiko hakulipishwi, na EACC, tume ya kupambana na ufisadi, pia wako Kisumu.

Wakikusikiza watakuuliza kitu kimoja kwanza: OB. Hicho ni kile kitabu kikubwa kwa meza ya kuripotia, kila mtu anayeingia anaandikwa pale, namba ya tukio, tarehe, saa, kosa, na wanaandika pia viatu, mshipi na pesa ulizokuwa nazo mfukoni. Ukiwa ndani, mtu wako akija mwambie aulize namba yako ya OB aiandike hata kwa kiganja cha mkono. Nilishaona mtu amekaa siku tano kwa seli na kitabuni hayuko, kwa karatasi ni kama hajawahi kushikwa, sasa utalalamika umeshikwa na nani? Kama namba hauna, andika sasa hivi kabla usahau: tarehe, saa, wale watatu mlikuwa pamoja, na jina la afisa. Sheria ya polisi inataka askari aliyevaa sare aonyeshe jina ama namba yake ya kazi mahali panaonekana.

Ya simu: Kifungu cha 31 cha Katiba kinalinda faragha yako na mawasiliano yako yamo ndani, kwa kawaida mpelelezi akitaka mesej za mtu anaenda kuomba amri ya mahakama. Ulikuwa na ruhusa ya kusema "afande sikubali bila amri ya koti", useme kwa upole, usishindane mikono. Kunyamaza pia ni haki yako, na kupigia wakili ama mtu wako. Na jambo la mwisho hapa, kama kosa adhabu yake ni faini peke yake ama kifungo kisichozidi miezi sita, Katiba inasema usiwekwe rumande. Waambie wenzako wa steji hiyo.

SWALI: Karani mimi niko Kaptembwo Nakuru. Nilichelewa kodi miezi miwili, nyumba ni elfu sita, nikarudi kutoka kazi nikakuta keateka ameweka kufuli yake juu ya yangu na vitu vyangu viko ndani mpaka yunifomu za watoto. Anasema sheria inamruhusu. Pia niko na kibanda cha salon kwa ploti ingine na huyo landilodi ananiambia nitoke mwisho wa mwezi. Nimechanganyikiwa. Mama wawili.

JIBU: Pole sana mama. Keateka amedanganya, na najua anadanganya kwa kujiamini kwa sababu ploti yote imeshazoea kufuli. Deni la kodi ni deni la kweli na landilodi ana njia yake ya kulidai, lakini njia hiyo ni kumtuma dalali aliye na leseni, aje na karatasi, aandike vitu vyako kimoja kimoja, ama aende mahakamani. Hakuna sheria inayosema afunge nyumba, ang'oe mlango, atoe mabati ama akate maji. Nyumba uliyopanga ni yako ya kuishi mpaka itolewe kwa utaratibu.

Kuna Mahakama ya Kodi za Nyumba lakini sheria yake ni ya zamani, inashughulika na nyumba za kodi isiyozidi shilingi 2,500 kwa mwezi, na wewe niambie Kaptembwo siku hizi 2,500 unapata nini, labda choo. Kwa elfu sita utaenda mahakama ya kawaida kuomba amri afungue. Lakini kabla ya hapo fanya hivi leo: piga picha hiyo kufuli na mlango, namba ya nyumba ionekane, mtumie landilodi mwenyewe mesej (si keateka) kwamba vitu vyako viko ndani, vitaje, na umwambie utalipa kiasi gani lini. Halafu enda stesheni uandikishe OB. Polisi hawatakuvunjia kufuli, wengi watasema ni mambo ya madai, lakini ile namba ndio inaonyesha siku ulifungiwa. Mara nyingi landilodi akijua kuna OB kufuli inatoka kabla ya jioni, nimeona hiyo zaidi ya mara moja.

Sasa salon. Hapo una nguvu kuliko unavyodhani. Kibanda cha biashara bila mkataba wa maandishi kinaangukia ile sheria ya maduka, hoteli na mikahawa, Sura ya 301. Landilodi akitaka utoke ama akitaka kupandisha kodi, lazima akupe notisi kwa fomu maalum na isiwe chini ya miezi miwili. "Toka mwisho wa mwezi" kwa mdomo haihesabiki. Akileta notisi ya ukweli usiikalie, unapeleka pingamizi kwa Baraza la Kodi za Majengo ya Biashara kabla ile miezi miwili haijaisha, na ukishapeleka unaendelea kusuka nywele pale pale mpaka baraza liamue. Ukinyamaza notisi inashika. Watu wanapoteza vibanda hapo, si kwa ubaya wa kesi, ni kwa kunyamaza. Na wakati huo wote endelea kulipa kodi ya salon kwa M-Pesa, akikataa pesa, tuma tu.

SWALI: Mzee wetu, mimi ni mjane huku Butere, bwana yangu alifariki mwaka jana tukiwa na watoto wanne, wasichana watatu na kijana mmoja. Shemeji zangu walichukua hati ya shamba siku ya matanga, ati wanaiweka salama. Sasa wameanza kukata miwa yangu na miti, na wanasema sikuolewa kanisani kwa hivyo mimi si mke, na wasichana wataolewa kwa hivyo shamba ni lao na la kijana. Hati yenyewe bado iko kwa jina la baba mkwe aliyefariki kitambo. Niko na haki gani?

JIBU: Dada, barua yako niliisoma mara mbili. Ilinikumbusha mama mmoja alikuja dirishani na hati ya shamba imefungwa kwa paketi ya unga, imekunjwa mara nane, ameificha kwa kifua tangu kijijini kwa sababu alijua ikilala nyumbani usiku mmoja haitapatikana. Nilimpenda huyo mama. Wewe yako ilishaenda, lakini hati kuwa mkononi mwa shemeji haimfanyi mwenye shamba. Karatasi ni nakala ya kile kiko kwa rejista ya ardhi. Enda ofisi ya ardhi ya kaunti, ukiwa na namba ya ploti, uombe uchunguzi rasmi, watakupa karatasi inayoonyesha mwenyewe ni nani na kama kuna mkopo ama zuio juu yake. Halafu ombeni kuweka kosheni, ili mtu asije akahamisha shamba ukiwa umelala.

Tuje kwa ndoa. Sheria ya Urithi, Sura ya 160, haikuulizi kama ulivaa shela. Mwanamke aliyeolewa kimila anahesabiwa mke kwa mambo ya urithi, sasa tafuta wazee waliokuja kwenu na ng'ombe, picha, jina lako kwa programu ya mazishi, kadi za kliniki za watoto zenye jina la baba. Ile programu ya mazishi watu wanaitupa na ni ushahidi mtamu sana, hao hao shemeji ndio waliichapisha wakaandika wewe ni mke!

Kuhusu wasichana, hapo shemeji wanaongea mila na si sheria. Watoto wote wa marehemu wanagawana sawa, aliyeolewa, asiyeolewa, wa kiume, wa kike. Wewe kama mke unachukua vitu vya nyumbani viwe vyako kabisa, na mali iliyobaki unakaa nayo na kuitumia maisha yako, ingawa kuuza shamba utahitaji ruhusa ya mahakama. Ndugu za marehemu wanaingia kwa mstari pale tu hakuna mke wala mtoto wala wazazi. Wewe uko, watoto wanne wako. Kwa mali ya ndugu yao hawako kwa foleni hata.

Lakini hati iko kwa jina la baba mkwe na hapa ndipo mambo ya huku kwetu yanakuwa marefu. Bwana yako alikuwa na fungu lake kwa baba yake, na hao ndugu zake pia wako na mafungu yao halali, hiyo usibishane nao utachoka bure. Kesi ya urithi lazima ianzie kwa mzee, si kwa bwana yako. Fungu la bwana yako linateremka kwako na kwa watoto wake, na wewe unasimama kwa niaba yao. Utahitaji cheti cha kifo cha mzee na cha bwana yako, na barua ya chifu inayotaja familia yote ya mzee, pamoja na mabinti zake walioolewa, wao pia ni warithi. Chifu akiandika watoto wa kiume peke yao, mrudishie barua. Nilishaona kesi imerudi mwanzo baada ya miaka kwa sababu dada mmoja aliyeolewa mbali aliachwa nje.

Ukishapeleka maombi, jina linatangazwa kwa Gazeti la Serikali, watu wanapewa siku 30 kupinga, kisha inatoka hati ya usimamizi, na baada ya miezi sita mnarudi mahakama ithibitishe nani anapata wapi. Kabla ya hiyo karatasi hakuna mtu ana ruhusa ya kukata, kuuza wala kugawa mali ya marehemu. Kifungu cha 45 cha Sheria ya Urithi kinaita hiyo ni kosa la jinai, faini mpaka shilingi 10,000 ama jela mpaka mwaka mmoja ama zote mbili. Faini ni ndogo, najua, lori moja la miwa linapita hapo, lakini neno "jela" linasaidia shemeji kufikiria. Kwa hivyo miwa ikikatwa, hesabu mistari, piga picha lori na namba yake, uandikishe OB, na mahakama unaweza kuiomba amri ya kusimamisha kila kitu hata kama kesi kubwa haijasikizwa.

Pesa ya wakili isikutishe. FIDA Kenya, chama cha mawakili wanawake, wako na ofisi Kisumu na kazi yao ni wanawake kama wewe, na kuna huduma ya taifa ya msaada wa kisheria iliyoundwa na sheria ya 2016. Nenda na karatasi zote zikiwa zimepangwa kwa bahasha, nakala mbilimbili. Na kama kuna mtu anakuambia njia rahisi ni "kurithiwa" na mmoja wa hao shemeji ndio mambo yaishe, hakuna sheria ya Kenya inakulazimisha, hiyo ni wewe na moyo wako.

SWALI: Nimefanya kazi kwa duka moja kubwa Nakuru miaka mitatu, kila siku naambiwa mimi ni kibarua. Juzi nikatumiwa WhatsApp "usikuje kesho". Ni hivyo tu?

JIBU: Hapana, si hivyo tu. Sheria ya Ajira ya 2007 inasema kibarua akifanya kazi mfululizo mwezi mmoja ama zaidi anageuka kuwa mwajiriwa wa kawaida, na wewe una miaka mitatu. Kama analipa kwa mwezi alipaswa kukupa notisi ya siku 28 ama akulipe hizo siku. Kama anasema ulikosea, lazima akuite akueleze kosa kwa lugha unayoelewa, ukiwa na mfanyakazi mwenzako ama mtu wa chama cha wafanyakazi kando yako, na akusikize kabla hajakufuta. Likizo ni siku 21 za kazi kwa mwaka, kama hukuenda inalipwa. Cheti cha huduma pia anakupa, si hisani. Piga skrinshoti hiyo WhatsApp leo kabla afute, toa statimenti ya M-Pesa ama benki kuonyesha mishahara, uende kwa afisa wa leba. Kukikataa kuna Mahakama ya Ajira hapo Nakuru, lakini usikae, una miaka mitatu tu tangu siku ya kufutwa. Fidia ya kufutwa vibaya inaweza kufika mshahara wa miezi 12, ingawa usianze kununua viti na hizo pesa, hakimu mara nyingi hukata chini ya hapo.

SWALI: Karani, chama chetu Busia kinanidai elfu arubaini, biashara ya mitumba ilikwama. Mweka hazina amesema ataniletea polisi Jumatatu. Naweza fungwa?

JIBU: Kukopa ukashindwa kulipa si jinai, na polisi si watu wa kukusanya madeni ya chama. Ingekuwa ulitumia jina la uwongo ama ulidanganya kuchukua pesa, hiyo ni stori ingine. Njia yao ni Mahakama ya Madai Madogo, inasikiza madai mpaka shilingi milioni moja, hakuna haja ya wakili na inapaswa kuamua ndani ya siku 60. Huko jela ya deni ipo, lakini ni baada ya hukumu, na mpaka mahakama ione pesa unazo na unakataa tu kwa kiburi.

Kwa hivyo Jumatatu usikimbie. Ukipigiwa simu uende stesheni, enda, sema ni deni la chama, usitie sahihi karatasi yoyote ya kulipa kwa tarehe huwezi. Kabla ya hapo waandikie wanachama barua ukisema utalipa elfu mbili kila wiki ya soko ama kiasi chochote unaweza kweli, uanze na ya wiki hii. Na usimpe mweka hazina mkononi, hata akisema M-Pesa yake imejaa. Tuma kwa laini ya chama, na ile mesej ya M-Pesa usiifute.